Kushirikiana na watafiti wa nje huku tukilinda nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya utafiti kabla haijatiwa saini, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Maswali yafuatayo nimeulizwa ofisini, kwenye simu, na mengine kwenye ngazi za ukumbi baada ya semina, muulizaji akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Nimeyaacha karibu na yalivyoulizwa. Majibu ni yangu, na pale ambapo sheria inasema wazi nimeeleza inavyosema.

Dada, sisi tunachunguza mbu tu. Usalama wa taifa unaingiaje hapa?

Mbu ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde, kusini kule Newala, walishikwa na homa iliyowakaza viungo mpaka wakawa wanatembea wameinama. Wakaipa jina kwa lugha yao, chikungunya, kwa jinsi inavyomkunja mtu. Damu za wagonjwa zilichukuliwa, kirusi kikatambuliwa, na leo neno hilo la Kimakonde limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mwaka 2023 Marekani ikaidhinisha chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo. Ilikuwa miaka 71 tangu wagonjwa wale wa Newala.

Damu ile ilistahili kutoka. Bila kutoka, ugonjwa usingejulikana. Lakini fikiria homa ngeni ikizuka Mbagala wiki ijayo. Nani anashika sampuli ya kwanza? Inalala kwenye friji ya nani? Nani anasoma vinasaba vya kirusi, na akishavisoma anavipeleka wapi? Chanjo ikipatikana, watoto wa Mbagala watakuwa wa ngapi kwenye foleni? Nchi isiyo na majibu ya maswali hayo ina tundu kwenye ulinzi wake, hata kama mipaka yote ina askari.

Kwa hiyo unataka tuwafungie wageni mlango?

Hapana, na nikisikia mtu anasema hivyo hukumbuka vyura wa Kihansi.

Ni vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, mmoja anakaa vizuri kwenye ukucha wa kidole gumba. Waliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji yakapungua, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka uliofuata, Agosti 2010, vyura 100 walishuka Dar es Salaam kwa ndege na kupelekwa kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Wasingeondoka, leo tungekuwa tunawaonyesha wanafunzi picha.

Weka hilo pembeni ya ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mimea hiyo kwao kutoka milima ya Tanga. Ikapewa jina lake, ikazalishwa, ikawa moja ya maua ya chungu yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani. Mpaka leo madirisha ya watu wasiojua Lushoto iko wapi yamejaa ua hilo. Wananchi wa Usambara hawakupata hata senti.

Vyote viwili vilitoka kwa mlango uleule. Tofauti iko kwenye waliokaa mlangoni: safari ya ua tulikuwa watawaliwa, safari ya vyura kulikuwa na taasisi zetu mezani zinazojua nini kimetoka na kinategemewa kurudi lini. Kazi yetu ni kuhakikisha tunakaa mlangoni kila mara, tukiwa macho.

Na ukitaka mfano ulio hai, Taasisi ya Afya Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi. Leo inaendeshwa na Watanzania, na kituo chake cha Bagamoyo kilishiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Huwezi kufika hapo kwa kujifungia.

Ni vitu gani hasa visitoke?

Watu hudhani orodha hii ni ndefu. Ni fupi, na ndiyo maana inawezekana kuilinda.

Vimelea hai vya magonjwa makali, pamoja na maelezo ya namna ya kuvifanya vikali zaidi. Taarifa za mtu mmojammoja. Mahali halisi walipo wanyama wanaowindwa, mimea adimu na visukuku. Ukiandika kwenye makala kordineti za faru wa mwisho wa bonde fulani, jangili naye anasoma. Kisha kuna michoro inayoonyesha nchi inapoumia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na nchi nzima ikayumba. Miamala ilikwama, watu wakashika simu zisizo na mtandao. Mtafiti wa mawasiliano ana kila haki ya kuandika kwamba tunategemea nyaya chache mno. Mchoro unaoonyesha ni chumba gani na swichi ipi ikizimwa kila kitu kinazimika, huo aukabidhi kwa wahusika na asiuweke kwenye kiambatisho.

Mwisho ni chochote chenye muhuri wa siri wa serikali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani na hilo, na haijali kama ulikipata kwa nia ya kitaaluma.

Nje ya hapo, chapisha. Nasema hivi kwa sababu kuna ugonjwa mwingine ofisini kwetu, wa kuita kila kisichopendeza "suala la usalama". Ukipima maji ya visima vya mtaa ukakuta vijidudu vya kinyesi, umegundua hatari kwa wananchi na aibu kwa ofisi fulani. Hiyo si siri ya nchi. Tuliwahi kwenda mbali kwenye jambo hili: marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliwatia watafiti hofu ya kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, na mwaka 2019 ikabidi sheria irekebishwe tena kulegeza. Naomba tusirudi kule. Nchi inayoogopa vipimo vyake yenyewe haiwezi kujua adui anaingilia wapi.

Mgeni wangu kaja na viza ya utalii. Anataka kuchota udongo kidogo tu.

Udongo kidogo tu ni utafiti. Mgeni anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ile ya kituo cha Sayansi pale Kijitonyama, na awe na mtafiti mwenyeji anayeshirikiana naye kweli, si jina la kujazia fomu. Baada ya hapo Uhamiaji humpa kibali cha ukaazi daraja C. Utafiti wa afya unapitia pia kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; wa wanyamapori unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori; mabaki ya kale na madini yana wenyewe. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo usimpandishe mtu boti ukidhani karatasi ya Dar inatosha.

Anza mapema. Wengi wanaokuja kwangu wamekasirika, wameshakata tiketi.

Mfadhili anasema data zote lazima ziwekwe wazi kwenye intaneti. Nikikataa tunakosa fedha.

Usikatae, na usikubali neno "zote". Umoja wa Ulaya wenyewe, katika programu zake za utafiti, unataka data ziwe wazi kadiri inavyowezekana na zifungwe pale inapolazimu. Nukuu kanuni yao hiyo kwenye andiko lako, kisha eleza kipi kinafungwa na kwa nini. Sijaona mfadhili makini akikataa maelezo ya namna hiyo yakiandikwa mwanzoni. Wanaokataliwa ni wale wanaoibuka nayo mwaka wa tatu.

Nikuonyeshe ninavyokagua. Juzi nilifungua jedwali la mradi mmoja wa afya. Majina yalikuwa yamefutwa, na mwenye mradi alijivunia hilo. Mstari wa 212 ulisomeka: mwanamke, miaka 43, muuza samaki, mtaa ukatajwa, watoto saba, anatumia dawa za kufubaza virusi. Nikamuuliza msaidizi wake, anayeishi karibu na mtaa ule, kama anaweza kumfikiria mtu wa namna hiyo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Namjua." Jina halikuwepo na mama wa watu alikuwa amekaa pale mbele yetu.

Tukabadilisha. Umri ukawa makundi ya miaka kumi, mtaa ukawa wilaya, kazi ikawa "biashara ndogo", idadi ya watoto ikaondolewa kwa sababu utafiti haukuihitaji. Jedwali hilo jipya ndilo lililowekwa wazi. Lile kamili limebaki kwenye seva ya hapa, na mtafiti wa nje anayelihitaji anaomba, anaeleza shida yake, anasaini, anapewa nafasi ya kulifanyia kazi bila kulibeba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kuna Tume inayosimamia. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule mama alitupatia damu yake akiamini tutamsitiri.

Mkataba wa kuhamisha sampuli una kurasa 14 za Kiingereza cha wanasheria. Nisome wapi?

Soma zote. Ila najua una usiku mmoja, basi anza na haya.

Tafuta sentensi inayosema sampuli zitatumika kwa ajili gani. Kama imeandikwa "na matumizi mengine yanayofanana", futa. Tafuta kama mpokeaji anaruhusiwa kumpa mtu wa tatu. Jibu liwe hapana, mpaka aombe kwa maandishi. Tafuta salio linakwenda wapi mradi ukiisha: lirudi, au liteketezwe na ushahidi utumwe. Kisha angalia vinasaba vikishasomwa na kuwa herufi kwenye kompyuta vinahesabiwa kuwa ni vya nani, maana hapo ndipo mali inapopotea siku hizi. Zamani ulimzuia mtu kwa kuzuia chupa. Sasa akishasoma vinasaba, chupa unaweza kumwachia, hana shida nayo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zimeliona hilo, na Februari 2025 ukazinduliwa Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazonufaika na vinasaba hivyo zinatarajiwa kuuchangia. Mchango ni wa hiari, kwa hiyo mkataba wako bado ndio ngao ya kwanza.

Ninaposema haya sihubiri kutoka mbali. Nikiwa msaidizi wa maabara, kijana kabisa, nilifunga kwa mikono yangu masanduku ya sampuli za damu. Nakumbuka barafu kavu ikitoa moshi na kuuma vidole kupitia glovu, nakumbuka nilivyohesabu vichupa mara mbili kabla gari halijaondoka kwenda Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Makaratasi ya uwanja wa ndege yalikuwa kamili. Mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja. Miaka ilipita, makala zikatoka, jina la mtu wetu hakuna hata moja. Tulipoandika kuuliza salio la sampuli, tukajibiwa kwa adabu kwamba zilishahamishiwa taasisi nyingine kwa mujibu wa kifungu kinachoruhusu matumizi yanayofanana. Tukatoa nakala yetu kabatini. Kifungu kilikuwepo, na chini yake sahihi ya mkubwa wetu.

Hakuna aliyetuibia usiku. Mengi yanayoipotelea nchi katika utafiti yanatoka mchana, yamegongwa mhuri wetu.

Ongeza na jambo moja ambalo watu wanaona aibu kulidai: mtu wetu aende nao. Kama mashine ya kusoma vinasaba iko Basel, Uswisi, basi mwanafunzi wa uzamili kutoka hapa akae Basel miezi sita. Sampuli ikisafiri na mtu, maarifa yanarudi na mtu.

Ramani huru za mitaa yetu na picha za droni je? Si tunampa adui ramani?

Swali hili niliwahi kuulizwa na ofisa mmoja kwa ukali sana, na ni swali la haki.

Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam kuchora nyumba, vichochoro na mifereji ya maeneo yanayofurika, na ramani ikawekwa wazi kwa yeyote. Anayeishi bonde la Msimbazi hahitaji kuelezwa faida yake: kabla ya hapo mitaa mingi kwenye ramani ilikuwa doa tupu, na huwezi kupanga uokoaji kwenye doa tupu. Adui mwenye setilaiti alishaziona paa zetu zamani. Aliyekuwa gizani ni mtendaji wa kata.

Droni ni jambo jingine. Inaona kwa ukaribu ambao setilaiti ya kawaida haifikii, na kamera haichagui: unapiga picha mfereji, pembeni inaingia kambi. Ndiyo maana kuna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Vipate vyote kabla ya kurusha, panga njia ya ndege isiyopita juu ya maeneo ya jeshi, na picha ghafi zipitiwe hapa kwanza kabla hazijapandishwa kwenye seva ya mtu. Tukifanya hivyo, tunapata ramani ya mafuriko na kambi inabaki na faragha yake.

Mwanafunzi wangu anatengeneza programu ya akili mnemba ya kutafuta dawa. Huyu naye ana hatari gani?

Mwaka 2022 watafiti wa kampuni moja ya Marekani walieleza jaribio lililowatisha wenyewe. Programu yao ya kutafuta dawa ilikuwa imefundishwa kukwepa sumu. Wakaigeuza itafute sumu. Kwa muda usiofika saa sita ikatoa miundo 40,000, baadhi ikiwa ni sumu za kivita zinazojulikana. Walichapisha onyo lao, miundo yenyewe wakaizuia. Naona walifanya sawasawa.

Mjadala huu una umri. Mwishoni mwa 2011 bodi ya ushauri ya Marekani iliomba maelezo fulani yaondolewe katika kazi za Ron Fouchier na Yoshihiro Kawaoka, waliokuwa wameonyesha namna kirusi cha mafua ya ndege H5N1 kinavyoweza kuambukiza kwa hewa kati ya wanyama wa maabara. Baada ya mabishano ya miezi, makala zote mbili zilitoka 2012. Wataalamu wazuri bado hawakubaliani kama ilikuwa sahihi. Mimi nadhani swali liliulizwa kwa kuchelewa: lilitakiwa liulizwe kazi ikiwa bado andiko. Kaa na mwanafunzi wako sasa, kabla hajaandika hata mstari, muulizane: mtu mbaya akipata hii, atafanya nini asichoweza kufanya leo? Kama hakuna jibu la kutisha, endeleeni kwa amani.

Mshirika wangu anatoka China. Mwingine Marekani. Yupi nimwogope?

Pima mwenendo, usipime pasipoti. Anaeleza fedha zinatoka wapi? Taasisi yake ina uhusiano na jeshi, na anakuambia? Yuko tayari kusaini kwamba data haziendi kwa mtu wa tatu? Anaomba zaidi ya mradi unavyohitaji? Maswali hayohayo kwa Mchina, Mmarekani, Mrusi, Mjerumani na jirani wa Afrika Mashariki.

Marekani walijaribu kupima kwa asili ya mtu na wakaumia. Mwaka 2018 walianzisha mpango wa kuwasaka majasusi wa China uliowaangukia pia watafiti wa vyuo. Profesa Gang Chen wa chuo cha MIT, mtaalamu wa joto na nishati, alikamatwa Januari 2021; Januari 2022 mashtaka yakafutwa. Februari mwaka huohuo mpango wenyewe ukasitishwa. Wizi wa teknolojia upo kweli, sibishi. Ila ukimshuku kila mwenye jina fulani, watu wema wanaondoka na mwizi anabadilisha jina.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Tangu uhuru nchi hii imejitahidi kutofungamana na upande wowote, na maabara zetu zina vifaa vya Wajapani, Wachina, Waswidi na Wamarekani kwenye chumba kimoja. Hatutaki kuuziwa ugomvi wa wengine.

Nimepata nafasi ya uzamivu Uingereza lakini wanataka kwanza cheti cha usalama. Wananishuku?

Wanashuku somo, hawakushuku wewe. Uingereza ina utaratibu uitwao ATAS kwa wageni wa nchi nyingi wanaosomea fani zinazoweza kutumika kwenye silaha: baadhi ya fizikia, kemia, uhandisi, kompyuta. Hauna ada, lakini huwezi kuomba viza bila cheti hicho, na unachukua wiki kadhaa. Jaza mada ya utafiti kwa usahihi. Anayeandika kwa mafumbo ili apite ndiye anayekwama.

Na jiandae kwa mabadiliko ya ghafla. Tarehe 1 Mei 2025 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilitangaza kusitisha njia ya zamani ya chuo chao kupitisha fedha kwenda kwa mshirika wa nje, ikitaja uwazi wa fedha na usalama wa taifa lao. Wenzetu kadhaa walioajiriwa kwa fedha za namna hiyo hawakulala siku ile. Mradi unaosimama kwa mguu mmoja wa mfadhili mmoja nao ni suala la usalama, na bajeti ya serikali yetu kwa utafiti inapaswa kulijibu.

Ugonjwa ukizuka, tutangaze haraka au tusubiri? Tukitangaza watatufungia ndege.

Hofu hiyo ina msingi. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitambua aina ya Omicron ya kirusi cha korona, wakaiambia dunia bila kuchelewa, na ndani ya siku chache nchi nyingi zikafunga ndege kutoka kusini mwa Afrika. Waliadhibiwa kwa uaminifu wao. Kabla ya hapo Indonesia ilishachoka: mwaka 2007, waziri wa afya Siti Fadilah Supari akiwa mstari wa mbele, ilizuia sampuli za mafua ya ndege kwa hoja kwamba inatoa virusi bure na kuuziwa chanjo ghali. Dunia ikasikia, na mwaka 2011 ukapatikana utaratibu wa kugawana virusi vya mafua pamoja na faida zake. Makubaliano ya Janga yaliyopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 yanajaribu kupanua wazo hilo, ingawa kiambatisho chenye mgao wenyewe kiliachwa kijadiliwe baadaye.

Hata hivyo jibu langu ni tutangaze. Sisi tumeonja upande wa pili. Mwaka 2020 takwimu zetu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka daktari, mfanyabiashara na mwenye mgonjwa nyumbani kila mmoja alibaki kukisia. Linganisha na Machi 2023, homa kali ya virusi vya Marburg ilipoingia Kagera: ilitangazwa, ikapewa jina, wataalamu wakaja, na mwanzoni mwa Juni ikawa imekwisha kwa vifo sita. Sampuli zinaweza kuwa na masharti. Onyo lisiwe na masharti.

Kuna mtu kanitumia barua pepe, anataka "ripoti fupi ya kitaalamu" kuhusu bandari. Analipa vizuri mno.

Neno lako mwenyewe, "mno", limeshajibu. Muulize ni nani anayesoma ripoti hiyo. Kama hasemi, mpelekee mkuu wako wa idara barua hiyo leo.

Nasafiri na kompyuta ya mradi. Kuna la kuangalia?

Beba ya safari isiyo na data za mradi, funga diski kwa nenosiri, usichomeke flashi uliyopewa kwenye mkutano. Nimepokea simu ya kijana aliyesahau begi kwenye bajaji Mwenge, jedwali la wagonjwa likiwa ndani bila nenosiri. Bajaji ilipatikana. Usiitegemee bahati hiyo.

Dada, nimechelewa kusoma ukurasa huu. Data zilishakwenda.

Njoo tu. Lete mkataba hata kama ni barua pepe, lete orodha ya vilivyotumwa na tarehe. Tutamwandikia mshirika kwa heshima kumtaka aseme vitu viko wapi na nani kavigusa, na tutapendekeza mkataba mpya unaovihusu vilivyopo na vitakavyofuata. Wengi wanakubali, kwa sababu nao majarida na wafadhili wao siku hizi wanawauliza. Kama kuna taarifa za watu ndani yake, tutaiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hutafokewa mlangoni. Mara nyingi nipo kuanzia saa mbili asubuhi, na ukichelewa kwa foleni ya Ubungo, nitakusubiri.